Tangazo Lililotoka Rubongi: Mji wa Makabila Mengi na Somo la Kujuana





Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuanza somo, huita majina ya watoto kutoka kwenye daftari la madrasa. Majina ya mwanzo yanafanana: Musa, Ibrahimu, Aisha, Zainabu. Majina ya ukoo ndiyo yanayotofautiana. Huyu ni Othieno, huyu ni Etyang, huyu ni Wandera, na yule anayekaa karibu na mlango babu yake alikuwa Mnubi. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake, lakini wakikaa kwenye mkeka wote wanasoma alifu moja.

Juzi, tulipomaliza kusoma, kijana mmoja wa darasa la sita aliinua mkono akaniuliza: "Ustadhi, Tororo ni ya nani? Ni ya Jopadhola au ni ya Wateso?"

Darasa zima likanyamaza. Nilijua kwamba swali lile hakulitunga yeye, bali alilisikia kwa wakubwa. Kwa miaka mingi viongozi wa pande hizi mbili wamebishana iwapo wilaya ya Tororo igawanywe, na ikigawanywa mji uende upande gani. Watu wazima wakibishana sebuleni, watoto husikiliza wakiwa jikoni.

Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwamba ardhi ni ya Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) na sisi ni wapita njia. Jibu hilo ni la kweli, lakini niliporudi nyumbani niliona halikumtosha. Mtoto aliuliza swali la historia, basi anastahili kujibiwa kwa historia. Na historia yenyewe ina siku moja iliyotokea hapa hapa jirani, Rubongi, ambayo wengi wetu hatuisimulii kwa watoto. Leo naomba tuisimulie.

MJI ULIVYOPATA WATU WAKE

Kabla ya kuwepo mji, palikuwa na Mwamba wa Tororo, na kuuzunguka waliishi watu wa lugha tofauti. Jopadhola ni wa jamaa ya Waluo. Wateso lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, karibu na ile ya Wakaramoja. Kwa upande wa Busia wako Wasamia na Bagwe, na kwa upande mwingine Banyole, ambao wote lugha zao ni za Kibantu. Kwa hiyo tangu zamani mtu akitembea siku moja tu katika sehemu hii anakutana na lugha tatu zisizosikilizana. Hii ni hali ya tangu enzi za mababu, haikuletwa na mzungu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliitawala sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza. Alikuja na Baganda wengi waliofanywa mawakala na watoza kodi. Mwaka 1902 Waingereza wakahamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao ulifika mpaka karibu na Naivasha, wakautia katika himaya yao iliyokuja kuwa Kenya. Ndiyo sababu mpaka ukawa hapa petu, ukapita katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia. Mtu alilala akiwa jirani ya mjomba wake, akaamka mjomba yuko nchi nyingine.

Uislamu nao uliingia kwa njia zaidi ya moja. Wafanyabiashara Waswahili walipita Mumias kwa Nabongo Mumia, ambaye mwenyewe alisilimu. Wengine waliosaidia kuueneza ni askari Wanubi na familia zao, na Baganda Waislamu waliokuja na utawala. Kwa hiyo hata dini yetu katika nchi hii tumeipokea mikononi mwa watu wa makabila mengi.

Kisha ikaja reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 njia nyingine ilipitishwa Eldoret mpaka Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kujenga ile reli ya kwanza waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa kazini na wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini 6,700 hivi walibaki. Wengine wengi walikuja kwa nauli zao wenyewe kufanya biashara. Aliyejulikana zaidi ni Allidina Visram, Mwislamu wa Kiismailia kutoka Kutch, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1916 alikuwa na maduka kutoka pwani mpaka ndani kabisa ya Uganda. Kila palipokuwa na pamba na stesheni, palikuwa na duka la Mhindi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaanza kiwanda cha saruji hapa Tororo, wakati bwawa la umeme la Owen Falls lilipokuwa likijengwa kule Jinja. Kiwanda kikaita vibarua, mafundi na makarani kutoka kila upande, na wengine wakavuka kutoka Kenya. Ndivyo mji ulivyojaa. Hakuna kabila moja lililoujenga peke yake.

KUKAA PAMOJA NA KUJUANA

Hapa ndugu zangu naomba tusidanganyane. Kuna watu wanaosimulia siku za zamani kana kwamba kila mtu alimpenda jirani yake. Haikuwa hivyo. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa kwao, Wahindi kwao penye maduka, na Waafrika pembeni. Kazi nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Mzungu alitawala, Mhindi aliuza na kununua pamba, Mwafrika alilima na kubeba. Mkulima aliyetaka kununua pamba ya wenzake au kuwa na kiwanda cha kuchambua pamba alikuta sheria za leseni zimemfungia mlango. Watu walikasirika, na hasira yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1959 huko Buganda watu waligomea maduka ya Wahindi kwa miezi mingi.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu, ambaye sasa ni marehemu, Allah amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Katika ujana wake alishona kwenye baraza la duka la nguo la Mhindi hapa mjini. Aliniambia: "Mwalimu, nilikaa pale barazani miaka saba. Nilijua bei ya kila kitambaa. Nilijua tajiri wangu akikohoa ni chai anataka. Lakini nakuapia, sikujua majina ya watoto wake, wala yeye hakujua kwetu ni wapi."

Na yule tajiri alikuwa Mwislamu. Kila mmoja alifunga Ramadhani, na kila mmoja alifuturu kwao.

Tuliweke neno la mzee huyu moyoni, kwa sababu ndilo ninalotaka kulisema leo. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 13, Allah anatufundisha kwamba ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Hakuishia kwenye kutuumba tofauti, bali alitaja na kusudi lake, nalo ni kujuana. Watu wanaweza kuishi mtaa mmoja miaka sabini, wakauziana chumvi kila siku, na wasijuane. Mji wa namna hiyo una makabila mengi, lakini hauna ujirani, na likija jambo zito utagawanyika siku hiyo hiyo.

MAMBO YALIPOANZA

Kwanza lilikuja la mwaka 1970. Serikali ya Milton Obote iliwaondoa wafanyakazi wa kutoka Kenya, wengi wao Waluo, wanaokadiriwa kufikia 30,000. Walikuwa wafanyakazi wa reli, wa viwandani na wa mashamba ya miwa. Wengi walirudi kwao kupitia mipaka hii yetu wakiwa na masanduku na watoto. Mjaluo wa Kisumu na Mjopadhola wa Tororo wanaweza kuzungumza wakaelewana, kwa kuwa babu zao walikuwa ndugu. Lakini kitambulisho kilisema huyu ni mgeni na huyu ni mwenyeji, na kitambulisho ndicho kilichofuatwa. Wengi walinyamaza, kwa kuwa haikuwa zamu yao.

Miezi michache baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin akampindua Obote.

Halafu ikaja tarehe 4 Agosti 1972. Siku hiyo Amin aliwatembelea askari katika kambi ya Tororo. Kambi hiyo ni hii ya Rubongi ambayo watoto wetu hupita nje ya uzio wake wakienda shule. Akiwahutubia askari alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza lazima waondoke nchini na Uingereza iwachukue. Aliwatuhumu kwamba wanahujumu uchumi. Inasimuliwa pia kwamba alisema jambo hilo ameoteshwa. Baadaye muda ukatajwa kuwa siku 90, na amri ikapanuliwa kuwagusa raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Hata wengi waliokuwa na uraia wa Uganda walinyang'anywa kwa sababu ya kasoro ndogo katika makaratasi.

Kwa makadirio, Waasia wa Uganda walikuwa kati ya 50,000 na 80,000. Kufika Novemba mwaka ule walikuwa wamekwisha isipokuwa wachache sana. Waliruhusiwa kutoka na pesa kidogo tu, na wengi walipekuliwa na kuibiwa kwenye vizuizi vya askari. Baadhi walipanda treni kwenda Mombasa kutafuta meli za India. Treni hizo zilipita hapa Tororo na Malaba, na Kenya haikuwaruhusu kubaki. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na zaidi ya 6,000 Kanada.

Miongoni mwao Waislamu walikuwa wengi. Walikuwemo Waismailia, Mabohora, Ithnaashari na Masunni. Inafaa wanafunzi wetu walijue hili, kwa kuwa wengine hudhani kwamba aliyefukuza alikuwa Mwislamu na waliofukuzwa walikuwa makafiri.

DUKA LISILO NA MWENYEWE

Yule mzee fundi cherehani aliniambia kwamba siku ya mwisho tajiri wake alimwita ndani ya duka kwa mara ya kwanza. Alimpa mkasi mkubwa wa kukatia nguo. Kisha akamwonyesha watoto wake akamtajia majina yao, mmoja mmoja. Walijuana siku ya kuagana.

Duka lile lilipewa mtu mwingine. Waliogawiwa maduka wakati ule watu waliwaita mafuta mingi. Wengi walikuwa askari na watu wenye jamaa serikalini. Inasimuliwa mpaka leo kwamba baadhi yao waliuza shati kwa kusoma namba ya kola wakidhani ndiyo bei. Sijui kama kisa hicho ni cha kweli au ni utani wa watu waliokuwa wanaumia. Lakini mzee wangu aliyaona mwenyewe yaliyofuata. Vitambaa viliuzwa vikaisha, na mwenye duka mpya hakujua vilikuwa vinaagizwa wapi. Hakujua nani anakopeshwa na nani halipi. Rafu zikabaki tupu, na fundi akabaki na mkasi bila nguo ya kukata.

Ndugu zangu, hapa kuna somo kuhusu miji. Duka lile lilikuwa ni zaidi ya kuta na bidhaa. Nyuma yake kulikuwa na wakala wa Mombasa aliyemwamini mwenye duka bila karatasi, na mwanakijiji aliyekopa jembe mpaka msimu wa pamba. Kulikuwa pia na fundi barazani, mchukuzi na mama muuza uji. Hao walikuwa wa makabila matano au sita, na kila mmoja alikula kwa sababu ya mwenzake. Ukimng'oa mmoja, hawanyooki waliobaki. Wanaanguka pamoja naye.

Kilichofuata wazee wetu wanakijua. Sukari, sabuni na chumvi vikawa adimu. Likaja neno magendo, na mipaka yetu ikawa njia zake kuu. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikapanda, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda Kenya, na soko la Chepkube upande wa Bungoma likawa maarufu mwaka 1976. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Fundi wetu naye alivuka Busia kwa miguu kutafuta uzi.

SISI TULIKUWA WAPI?

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Amin alikuwa Mwislamu, na wakati wake Waislamu wa Uganda, ambao kabla ya hapo walikuwa nyuma kielimu na serikalini, walipata mambo. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda liliundwa mwaka huo huo wa 1972. Uganda iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mkutano wa Lahore wa mwaka 1974 ukaamua kijengwe chuo kikuu cha Kiislamu Uganda. Chuo hicho kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na watoto wetu wanasoma hapo mpaka leo, alhamdulillah.

Kwa sababu hiyo wengine wetu tunaona aibu kuzungumza, na wengine tunatetea. Mimi nasema kheri iliyopatikana tuishukuru, na dhulma tuiite dhulma. Mali ya mtu haihalaliki kwa kuwa mwenyewe amefukuzwa. Qur'ani Tukufu imekataza watu kula mali zao kwa batili. Na tumkumbuke Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) usiku ule wa Hijra. Makureshi walitaka kumuua, na baadhi yao walikuwa wameweka amana zao kwake. Je, alizichukua akasema ni fidia ya mateso? Hapana. Alimwacha Sayyidna Ali (radhiyallahu anhu) Makka azirudishe kwa wenyewe, kisha ndipo amfuate. Kama amana ya adui ilirudishwa, itakuwaje duka la jirani?

Tena dhulma haikai mahali pamoja. Amin alipoanguka Aprili 1979, kisasi kiliwaangukia Waislamu wengi ambao hawakuwahi kupewa hata kibanda. Katika Ankole, Juni mwaka ule, Waislamu waliuawa kando ya mto Rwizi, wakiwemo wanawake na watoto. Wanubi walikimbia nchi. Waliowaua nao walisema maneno yale yale: hawa si wenzetu, hawa ndio waliotunyonya. Mlango uliofunguliwa kwa Mhindi ulibaki wazi, na aliyefuata kupitishwa humo alikuwa Mwislamu.

Baadaye serikali zilijaribu kurekebisha. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yalirudishwa kwa wenyewe au warithi wao. Lakini wengi hawakurudi kuishi. Miji yetu ilirudishiwa majengo, haikurudishiwa majirani.

MIJI ILIYOPOKEA

Tuangalie na upande wa pili. Mji wa Leicester huko Uingereza ulisikia kwamba Waasia wa Uganda wanakuja. Septemba 1972 baraza la mji huo lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwataka wasiende huko, kwa maelezo kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa. Maelfu walikwenda hivyo hivyo. Walianza na kazi za viwandani, wakafungua maduka, wakajenga misikiti na mahekalu. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wenye asili ya Asia walikuwa kundi kubwa kuliko yote mjini humo, kiasi cha asilimia 43. Leicester nayo imepata misukosuko ya kikabila na kidini, si peponi. Lakini kile ambacho Tororo ilikitupa, Leicester ilikiokota, tena kwa kulazimika.

Na tusiende mbali. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulifuatwa na mauaji ya kikabila, na mwanzoni mwa mwaka 2008 maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Wakimbizi waliwekwa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Wengi walikuwa Wakikuyu, watu wasio na undugu wa lugha na sisi hata kidogo. Wakati huo huo magari ya mafuta yalikwama Kenya na reli iling'olewa Kibera, petroli ikawa shida Kampala. Ugomvi wa makabila wa nchi moja ulizima magari ya nchi nyingine. Lakini mpaka ule uliopitisha waliofukuzwa mwaka 1970 na 1972, safari hii ulipokea waliofukuzwa.

Nani aliufungua? Serikali, ndiyo, na mashirika. Lakini nadhani kulikuwa na jambo lingine pia, nalo ni tabia ya watu wa mpakani. Hapa Busia ndipo zilipozaliwa bodaboda, baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha nchi hii na cha nchi ile. Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima. Msamia ana shamba Kenya na mke wa Uganda. Muuza samaki anahesabu kwa shilingi za aina mbili na anasalimu kwa lugha nne. Kampala watu wengi walikiogopa Kiswahili kwa kuwa walikisikia kwa askari, lakini sokoni Busia ni lugha ya mama anayekuongezea nyanya moja juu ya fungu. Watu hawa wamejuana kwa kuoana, kuzikana na kudaiana. Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo kimoja cha pamoja cha mpaka hapo Busia, ili msafiri apigiwe mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja. Nilipopita pale nilicheka kidogo moyoni, nikasema haya ndiyo mama wa samaki anayoyafanya tangu zamani.

TORORO NI YA NANI?

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu.

Mwanangu, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipohamia Madina alikuta mji wa makabila. Aws na Khazraj walikuwa wamepigana vita vya miaka mingi, na palikuwa na koo za Mayahudi. Yeye akaongeza wageni wengine kutoka Makka, wasiokuwa na kitu. Hakuuliza kwanza mji ni wa nani. Aliunganisha kila Muhajiri na Ansari, mtu na mtu, nyumba na nyumba. Akaandikisha hati iliyotaja haki na wajibu wa kila kundi, Mayahudi wakiwemo. Yaani aliwajuanisha kwanza watu wa nyumba mbalimbali, kisha akaweka sheria.

Wilaya ikigawanywa au isigawanywe, hilo ni la serikali na wenye nchi, na kila upande una hoja zake za kusikilizwa. Mimi sina kura ya kuwapigia hapa. Ninachokuomba ukijue ni hiki: siku mtu atakaposimama mbele yako akasema mji huu ni wetu na wale waondoke, kumbuka kwamba maneno hayo yameshasemwa hapa. Yalisemwa Rubongi, tarehe 4 Agosti 1972, na walioyashangilia walikuwa wengi. Ndani ya miaka saba karibu kila aliyeshangilia alikuwa amelipa, na wengi ambao hawakushangilia walilipa pia.

Na sisi wazazi, tufanye nini? Mambo matatu tu, yasiyohitaji pesa. La kwanza, tujue majina ya watoto wa jirani yetu wa kabila jingine, na kwao wametoka wapi. La pili, jirani akifiwa twende, hata kama lugha ya matanga hatuielewi. La tatu, tukiwa nyumbani tukataze utani wa kudharau kabila la mtu mbele ya watoto, kwa sababu mtoto hajui palipoishia utani.

Yule mzee fundi alipofariki, familia yake ilinionyesha mkasi ule. Ulikuwa umeliwa na jiwe la kunolea mpaka umekuwa mwembamba. Mjukuu wake anasoma kwangu. Jumamosi ijayo, in shaa Allah, nitamwomba auonyeshe darasa zima, kisha kila mtoto amwambie mwenzake aliyekaa naye jina la babu yake na alikotoka. Hilo ndilo litakuwa somo letu la siku hiyo.

Tunamwomba Allah azilinde nyumba zetu na za majirani zetu, awarehemu waliodhulumiwa, awasamehe waliotubu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojuana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.